Kozi ya wiki tatu Ujerumani kwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Kigoma: uchambuzi wa kisa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinaandikwa kwa ridhaa ya mwenyewe. Jina lake limeondolewa, pamoja na la chama chake cha ushirika, la chuo anachosoma na la chuo kilichomkaribisha. Tutamwita Bi. M. Mimi ninayeandika huwasaidia wanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Kigoma mjini kupanga masomo na maombi yao, na kwa Bi. M niliingia baada ya viza yake ya kwanza kukataliwa.

Kila mwaka wanakuja watu wenye barua ya kukaribishwa mkononi, wamejaa furaha, na swali lao la kwanza ni nauli wataipata wapi. Ni swali la haki. Lakini yapo mawili yanayolitangulia, na kisa hiki kinayaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote ninayoweza kutoa ofisini: unakwenda na jambo gani lako mwenyewe, na nani hapa nyumbani amekubali kwa maandishi kulipokea utakaporudi.

Usuli

Bi. M ni mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa michikichi katika mojawapo ya wilaya za mkoa huu. Chama kinanunua chikichi kwa wanachama, kinakamua mawese na kuyauza kwa dumu la lita 20 kwa wachuuzi wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kwa wenye magari yaendayo Kasulu. Mbegu zinazobaki hupasuliwa ili kupata mise, nayo huuzwa kwa watengeneza sabuni.

Tangu 2018, Serikali ilipoanza kulisukuma zao hili kwa nguvu na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kikawa kinazalisha mbegu bora za tenera, mashamba yameanza kuchanganyika. Dura, mchikichi wetu wa kienyeji, ina kifuu kinene na nyama kidogo. Tenera ina kifuu chembamba na nyama nyingi, kwa hiyo mzigo wa uzito uleule hutoa mawese mengi zaidi. Miche ya mwanzo ilipoanza kuzaa, mzigo unaoingia kwenye mashine ya chama ukabadilika. Vitabu vya hesabu vilibaki kama vilivyokuwa.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lililomnyima Bi. M usingizi. Kila shilingi iliyotumika kununua chikichi, kulipa vibarua na kununua dizeli iliandikwa upande wa mawese, na mise ikahesabiwa kuwa faida tupu. Kwenye taarifa ya mwaka mawese yakaonekana yanaleta hasara. Bodi ikaanza kuzungumzia kushusha bei ya chikichi kwa mkulima. Bi. M aliona kuna kasoro, ila hakuwa na namna ya kuieleza mbele ya wazee wa bodi wakamwelewa.

Wakati huo alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara kwa masafa, jioni na mwisho wa wiki. Kupitia tangazo la idara yake akapata habari za kozi ya kiangazi katika chuo kimoja cha Ujerumani: wiki tatu za Agosti, usimamizi wa minyororo ya thamani ya mazao, krediti 5 za mfumo wa Ulaya wa ECTS. Aliomba mwishoni mwa mwaka, Februari akakubaliwa, na nusu ya ada ikasamehewa. Ada iliyobaki, nauli, bima, viza na chakula vilikuwa juu yake.

Mfuatano wa matukio

*Ruhusa ya kazini.* Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwendea mwenyekiti wa bodi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, ukienda huko wiki tatu, nani atafunga hesabu za mwezi?" Bi. M alikuwa na jibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na yeye alikuwa hajachukua yake. Kozi pamoja na safari ingeingia humo. Akapendekeza kijana wa stoo afundishwe kufunga vitabu tangu Mei, afanye mara mbili akiwa anaangaliwa, na Agosti afanye mwenyewe. "Sawa Mzee, kwa hesabu za Juni utamwona yeye, si mimi." Mwenyekiti akakubali. Barua ya likizo ikaandikwa siku ileile, mistari mitatu na mhuri. Tutairudia barua hiyo.

*Idara ya chuo chake.* Aliandika kwa mkuu wa idara akiomba kozi hiyo ihesabiwe kwenye shahada yake, badala ya moduli moja ya hiari. Akajibiwa kwamba idara inaunga mkono safari yake na italiangalia suala la krediti atakaporudi. Akashukuru, akaiweka barua kwenye faili.

*Fedha.* Ndugu wawili walimshauri auze kiwanja chake cha Katubuka. Alikataa, kwa hoja kwamba kiwanja ndicho kinachomrudisha nyumbani, na kozi ya wiki tatu haistahili kuondoka nacho. Akaomba mkopo kwenye kikoba cha akina mama anakoweka akiba. Wenzake walikubali kwa moyo mweupe. Kwa nia njema kabisa, wakashauriana kwamba balozi hupenda kuona akaunti nono, hivyo wakamwingizia mkopo wote kwa mkupuo, na wawili wakaongeza na fedha zao wenyewe ziwepo kwa muda. Ikabaki chini ya wiki mbili kabla ya kuwasilisha maombi ya viza.

*Malipo ya ada.* Alilipa kupitia tawi la benki hapa mjini. Kwenye fomu ya kutuma fedha nje kuna mahali pa kuchagua nani anabeba gharama. Karani alimjazia SHA, yaani mtumaji anabeba za benki yake na mpokeaji za upande wa pili. Fedha zikapita benki ya kati, benki ya kati ikakata chake, na ada ikafika pungufu. Mfumo wa chuo ukaisoma kama haijalipwa, na barua ya uthibitisho wa malipo, ambayo ubalozi huihitaji, haikutoka. Ikabidi atume tofauti hiyo upya, safari hii kwa OUR, ambapo mtumaji hubeba gharama zote. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuituma, na muda uliopotea ulimgharimu zaidi ya fedha.

*Viza ya kwanza.* Pasipoti alikuwa nayo. Ile ya kielektroniki iliyoanza kutolewa 2018 ni shilingi 150,000, na maombi yake huanzia mtandaoni yakaishia ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Kwa mkoa wa mpakani kama wetu, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake kiwe tayari mapema, maana ndipo wengi wanapokwama. Maombi ya viza yanapelekwa Dar es Salaam kwa mtu mwenyewe, kwa ajili ya picha na alama za vidole. Kigoma hadi Dar kwa reli ya zamani ni takribani kilomita 1,250. Alikwenda kwa treni mwezi Mei, akawasilisha, akalipa euro 90 ambazo hazirudishwi, akageuza.

Juni likaja jibu la kukataliwa. Barua ya kukataliwa viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ni fomu ya aina moja kwa nchi zote za eneo hilo, yenye orodha ya sababu zenye visanduku vya kutia alama. Kwake vilitiwa alama viwili: uthibitisho wa fedha za kujikimu, na shaka juu ya nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha.

*Viza ya pili.* Hapo ndipo tulipokutana. Tulilimwaga faili lote mezani na kulisoma kama angelisoma mtu asiyejua Kigoma iko wapi. Taarifa ya benki ilionyesha mshahara mdogo unaoingia na kutoka kila mwezi, halafu ghafla mlima wa fedha usio na maelezo. Barua ya likizo ilisema ameruhusiwa kwenda masomoni. Haikusema anarudi lini kazini, wala mshahara wake, wala kwamba ameajiriwa kwa mkataba wa kudumu. Bima yake ilikuwa na kiwango kinachotakiwa cha euro 30,000, lakini ilianza siku ya kwanza ya masomo ilhali yeye angetua siku mbili kabla.

Akarekebisha kimoja kimoja. Fedha za wenzake wawili zikarudishwa. Uongozi wa kikoba ukaandika barua ya mkopo yenye kiasi, tarehe na ratiba ya marejesho, ikaambatanishwa na nakala ya daftari lao na tafsiri ya Kiingereza. Chama kikaandika barua mpya yenye cheo, mshahara, mwaka wa kuajiriwa na tarehe ya kurudi kazini. Chuo chake kikatoa barua ya usajili wa muhula unaofuata. Bima ikanunuliwa upya kuanzia siku ya kuondoka. Mwisho akaandika barua ya ukurasa mmoja akiyataja makosa ya faili la kwanza kwa uwazi: mlima ule wa fedha ulikuwa nini, na umekwenda wapi.

Alama za vidole za mwombaji hutumika tena ndani ya miezi 59, hata hivyo alirudi Dar mwenyewe mwishoni mwa Juni, kwa basi, kwa kuwa treni ya Kigoma haiondoki kila siku. Katikati ya Julai pasipoti ikarudi na viza.

*Darasani.* Washiriki walitoka mabara manne. Jioni ya kwanza kila mtu alitakiwa kujitambulisha kwa dakika mbili na kusema kitu kimoja kuhusu anakotoka. Bi. M aliwaambia kwamba ziwani kwao ipo meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza, na hadi leo inaitwa Liemba. Wajerumani waliokuwepo walikuwa hawaijui. Ilimpatia watu wa kuzungumza nao wakati wa chakula.

Darasani ilikuwa vigumu zaidi. Ufundishaji ulikuwa wa visa: unapewa kurasa za kusoma usiku, asubuhi mwalimu anauliza, na watu wanarukia. Mchango wa mdomo ulikuwa na alama zake. Bi. M amelelewa kusubiri mkubwa amalize na kunyoosha mkono hadi aitwe. Kila alipokuwa tayari, mwingine alishalisema lake. Siku ya tatu alimfuata mwalimu ofisini kwake akamweleza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi swali moja litaanzia kwake. Kuanzia hapo alisikika.

Wiki ya pili likaja somo la mawese. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji wa misitu inayataja mawese pamoja na ng'ombe, kakao, kahawa, mpira, soya na mbao, na inadai bidhaa zisitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Indonesia na Malaysia huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na picha zote zilizoonyeshwa darasani zilikuwa za huko: mashamba yasiyo na mwisho, na misitu iliyofyekwa. Mjadala ukaelekea kwamba mawese ni zao la kuachwa. Bi. M aliomba nafasi akachora ubaoni shamba la mwanachama wake mmoja: michikichi kadhaa pembeni mwa mihogo na maharage, mingine iliyopandwa na babu yake. Akasema mafuta hayo huliwa Kigoma na mikoa ya jirani, na kwamba Tanzania yenyewe bado huagiza mafuta ya kula kutoka nje. Mwalimu akamwambia: hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho, iandike.

Maamuzi makuu na sababu zake

Mengi nimeshayaeleza pale yalipotokea. Mawili yanahitaji kuelezwa peke yake.

La kwanza ni kuomba viza upya badala ya kukata rufaa. Ndugu zake walitaka akate rufaa, wakisema kukubali kukataliwa ni kukubali kwamba ulidanganya. Tuliamua kwa kuangalia kalenda na kwa kuangalia faili. Maombi mapya kwa kawaida huamuliwa ndani ya siku 15, ingawa yanaweza kuvutwa hadi 45. Rufaa isingekuwa na uhakika wa kuisha kabla ya Agosti. Na faili la kwanza lilikuwa na kasoro kweli. Rufaa humfaa mtu ambaye karatasi zake zilikuwa safi na zikasomwa vibaya. Za Bi. M zilisomwa sawasawa.

La pili ni mada ya kazi ya mwisho. Kundi lake la watu watano lilikuwa limeshachagua kampuni kubwa ya vyakula, na yeye alikuwa amepewa kutengeneza slaidi, kazi ambayo humwangukia mtu aliyenyamaza siku za mwanzo. Baada ya somo la mawese aliliomba kundi libadilishe mada iwe chama chake. Wawili walisita, wakihofia ukosefu wa takwimu. Akawaonyesha kwenye kompyuta yake vitabu vya miaka mitatu vya chama, alivyobeba kwa ruhusa ya bodi akiwa ameondoa majina ya wanachama. Hakuna kundi lingine lililokuwa na hesabu halisi za mtu aliyekaa nao mezani. Wakabadilisha.

Hapo ndipo kasoro ya vitabu ilipopata maelezo. Chukua mfano wa namba nyepesi. Gharama ya mzigo mmoja, kuanzia kununua hadi kukamua, ni shilingi 1,000,000. Mawese yanauzwa 900,000, mise 300,000. Vitabu vya zamani vinasema mawese yamepata hasara ya 100,000 na mise imeleta faida ya 300,000. Sasa gawa gharama ya pamoja kwa uwiano wa mauzo: mawese yanabeba robo tatu, yaani 750,000, na mise robo moja, 250,000. Mawese yana faida ya 150,000 na mise 50,000. Jumla ni ileile, 200,000. Mwalimu alisisitiza jambo ambalo Bi. M aliliandika kwa wino mwekundu: mgawanyo wowote ule hauongezi wala kupunguza shilingi. Uamuzi wa kununua chikichi au kutonunua, na kwa bei gani, uangalie mzigo mzima, kwa sababu huwezi kupata mise bila kununua chikichi ileile inayotoa mawese. Bodi ilikuwa karibu kumwadhibu mkulima kwa sababu ya safu moja ya daftari.

Matokeo

Bi. M alirudi kazini siku iliyoandikwa kwenye barua. Kijana wa stoo alikuwa amefunga hesabu za Agosti zikiwa na dosari mbili ndogo, na tangu hapo amebaki msaidizi wake wa hesabu.

Septemba alipewa nafasi kwenye kikao cha bodi. Hakupeleka slaidi za Ujerumani. Alipeleka dumu moja la mawese na debe la mise, akaviweka mezani, akauliza: "Wazee wangu, ni nani anaweza kuninunulia hili bila hili?" Kisha akaonyesha hesabu za mzigo mmoja wa kweli. Hoja ya kushusha bei ya chikichi iliondolewa kwenye ajenda. Taarifa sasa inaonyesha mzigo mzima, na dura na tenera hupimwa na kuandikwa mbali mbali. Bodi haikukubali kila kitu. Pendekezo la kuhifadhi sehemu ya mawese hadi bei ipande lilikataliwa kwa kukosa vyombo na mtaji, na nadhani bodi ilikuwa na haki.

Upande wa chuo mambo hayakwenda vizuri. Siku ya mwisho ya kozi washiriki walipewa cheti cha kuhudhuria. Orodha rasmi ya alama, yenye krediti na saa za kazi, ilitumwa miezi miwili baadaye. Kufikia hapo muhula ulikuwa umeanza, idara ikasema haiwezi kuondoa moduli katikati, na Bi. M akaisoma moduli ya hiari yenye maudhui yanayokaribiana sana na yale aliyosoma Agosti, akafanya na mtihani wake. Kozi ya Ujerumani iliingizwa kwenye rekodi zake kama mafunzo ya ziada, bila kupunguza chochote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kwamba Bi. M alikwenda na tatizo lenye namba. Wiki tatu ni muda mfupi. Mtu anayekwenda na hamu ya jumla ya kujifunza biashara atarudi na hamu hiyohiyo, picha, na cheti. Yeye alikuwa na swali ambalo watu wa kwao walikuwa wanaligombania, na alikuwa na vitabu. Kwa hiyo kila somo lilipita kwenye chujio moja: hili linanisaidia kuieleza ile hasara ya mawese? Hata pale kanuni ya misitu ya Ulaya ilipojadiliwa, ambayo haikigusi moja kwa moja chama kisichouza nje, alitoka na wazo la kuandika mahali lilipo kila shamba la mwanachama, kazi aliyoianza mwenyewe.

La pili lililofaa ni makabidhiano ya kazi. Wengi huomba ruhusa kwa kuelezea faida ya kozi. Mwenyekiti hakuuliza faida, aliuliza nani atafunga hesabu. Aliyejibu swali aliloulizwa alipata ruhusa siku ileile.

Kuhusu viza, napenda niliseme hili kwa uzito wote, kwa sababu naliona linarudiwa. Fedha za kuazima za kunenepesha akaunti zinaharibu faili la mtu mkweli. Akina mama wale walimpenda na walitoa walichokuwa nacho, na upendo wao ukasomeka kama hila. Mkopo wa kikoba si aibu. Una daftari, una wadhamini, una ratiba ya marejesho. Ukielezwa kwa barua na kutafsiriwa ni ushahidi mzuri wa mtu mwenye mizizi. Ukifichwa ndani ya akaunti unageuka fedha isiyo na mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo kwa barua za kazini tunazoziandika kwa mistari mitatu: anayesoma hamjui mwenyekiti wetu, na mhuri pekee haumwambii kwamba kuna kiti kinachomngoja mtu huyu tarehe fulani. Ubalozi huruhusu kuwasilisha maombi hadi miezi sita kabla ya safari. Bi. M alipata barua ya kukubaliwa Februari na kuwasilisha Mei. Miezi hiyo mitatu ndiyo ingetosha taarifa ya benki ionyeshe mkopo ukiingia kwa awamu na kwa maelezo.

Suala la krediti ndilo linaloniuma, kwa kuwa lilikuwa na jibu la hesabu tangu mwanzo. Krediti moja ya ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania krediti moja ni saa 10. Krediti 5 za ECTS ni saa 125 hadi 150, sawa na krediti 12.5 hadi 15 za kwetu, kwenye shahada ya uzamili yenye krediti 180. Hiyo ni moduli nzima. Lakini barua aliyoiweka kwenye faili haikutaja moduli, haikutaja krediti, haikutaja nani ataamua wala katika kikao gani. Barua ya aina hiyo ni ya heshima, na haimfungi mtu. Iliyohitajika ingekuwa na viambatanisho vitatu: muhtasari wa kozi wenye saa na vitabu vya kusoma, jina la moduli inayoondolewa, na tarehe ya mwisho ya kupokea orodha ya alama. Mwanafunzi anaweza kuiandika rasimu mwenyewe na kumwomba mkuu wa idara aisaini. Wengi husaini, maana kazi imeshafanyika. Na chuo cha nje kiambiwe siku ya kwanza, si ya mwisho, kwamba orodha ya alama inahitajika kabla ya tarehe fulani. Nimeona chuo kikituma ndani ya wiki mbili mwanafunzi alipoomba mapema.

Kuna mtu atasema moduli moja si kitu, elimu ameipata. Kwa mwanafunzi wa masafa anayefanya kazi mchana, moduli moja ni jioni za muhula mzima, na ada yake.

Linabaki swali la nani alipaswa kulipa. Elimu na mafunzo kwa wanachama na watumishi ni kanuni ya tano kati ya saba za ushirika duniani, na chama cha Bi. M kinaitaja kwenye masharti yake. Katika bajeti ya mwaka ule hapakuwa na shilingi ya mafunzo, na hakuna aliyeomba iwepo, hata yeye. Kwa hiyo kilichonufaika zaidi na kozi, yaani chama na wakulima ambao bei yao haikushushwa, hakikuchangia kitu, na mzigo wote ukabebwa na kikoba cha akina mama ambao wengi wao hawana hata mchikichi mmoja. Tulipozungumza mara ya mwisho, Bi. M alikuwa bado analipa marejesho kila mwezi, na alikuwa ameandika pendekezo la fungu la mafunzo ili lipelekwe mkutano mkuu, lenye sharti kwamba anayesafiri kwa fungu hilo apeleke swali lililopitishwa na bodi kabla ya kuondoka.